Farumfer

Mwaka 2003 Disney walitoa wimbo wa rapu kuhusu mnyama wa kwetu. Unaitwa "The Naked Mole Rap", na mzaha wote umekaa kwenye herufi moja tu: kwa Kiingereza mnyama huyo ni naked mole rat, wao wakang'oa ile t ya mwisho wakapachika p, panya akageuka rapu. Wimbo ulitoka kwenye katuni ya Kim Possible, iliyoanza kuonyeshwa 2002 na kufungwa 2007. Kim ana rafiki anaitwa Ron, na Ron hutembea na mnyama mfukoni, mwenye rangi ya waridi, kipara kutoka kichwani hadi mkiani, meno yametokeza mbele kama patasi. Jina lake Rufus. Sauti yake ni ya Nancy Cartwright, mama yule yule anayempa sauti Bart Simpson.

Ndani ya hadithi, Ron alimnunua Rufus dukani. Mnyama wa kweli anaishi chini ya ardhi kavu ya Ethiopia, Somalia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Nje ya kona hii ya dunia humpati porini popote. Ukimwona Chicago au Berlin, jua yuko kwenye kisanduku cha plastiki na babu zake walitolewa huku.

Mimi nimekulia Liboi. Kwa wasiojua: unatoka Garissa, unapita Dadaab, unaendelea hadi barabara inakaribia kuishia Somalia. Dhobley, upande wa pili, ni karibu hivi kwamba watu wana shangazi kule na duka huku. Ni mji ambao ukitajwa kwenye taarifa ya habari, unajua habari yenyewe si nzuri. Ndiyo maana niliposoma, nikiwa mtu mzima, kwamba yule kiumbe wa mfukoni mwa Ron ni wa ardhi kama yetu, nilijisikia kama mtu aliyeambiwa jirani yake aliwahi kuwa staa wa sinema na hakuwahi kumwambia mtu.

Tuanze na jina, kwa sababu huyu mnyama amepewa mengi na karibu yote ni ya kumcheka. Mwaka 1842 Mjerumani Eduard Rüppell, wa Frankfurt, alimwandika kwenye vitabu vya sayansi kutokana na mzoga uliotoka Shoa, Ethiopia. Akamwita Heterocephalus glaber. Ukitafsiri unapata kitu kama "kichwa cha ajabu, tena kipara". Kiingereza kikaja na naked mole rat, yaani panya-fuko uchi, jina ambalo Waingereza wenyewe wanakiri lina kasoro maana si fuko wa kwao na si panya. Wengine wakamwita sand puppy, mtoto wa mbwa wa mchangani. Kiswahili kinamwita fuko, jina analogawana na jamaa zake wenye manyoya. Angalau Kiswahili kina utani mzuri hapo ndani: fuko ni mnyama, na fuko ni mfuko mkubwa, ule wa pesa. Mtu akisema amekalia fuko, uliza kwanza ni lipi.

Halafu kuna jina la Kisomali. Katika miaka ya 1884 na 1885 kundi la Waingereza lilivuka nchi ya Wasomali kuelekea mto Shabelle, na mmoja wao alikuwa Ethelbert Lort Phillips, mwindaji aliyependa kukusanya wanyama. Alirudi London na vielelezo vya huyu kiumbe, na Oldfield Thomas wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akaviandikia makala 1885. Thomas aliona hawa ni aina mpya, akaiita phillipsi, kwa heshima ya mwindaji. Baadaye wataalamu walikubaliana kwamba ni mnyama yule yule wa Rüppell, kwa hiyo Phillips akapoteza fuko lake. Lakini kwenye maelezo aliyompa Thomas kulibaki neno moja la thamani: wenyeji, alisema, humwita farumfer.

Phillips anaeleza pia alichokiona, na ni kweli tupu, mtu yeyote aliyechunga mbuzi anaweza kukuthibitishia. Ardhini kunatokea vilima vidogo vyenye tundu katikati, kama volkano za kuchezea watoto, na udongo unaruka kutoka tunduni kwa mishtuko, pu, pu, pu, lakini anayeurusha humwoni. Chini kule fuko wamepanga foleni. Wa mbele anachimba kwa meno, udongo unapokezanwa nyuma, na wa mwisho anageuza matako juu na kuupiga teke hadi nje. Huonekana zaidi mvua ikishanyesha na udongo ukalainika. Ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa hana habari na sayansi hiyo. Kwake vilima hivyo vilikuwa mahali ambapo mguu wa ngamia unaweza kuzama, basi.

Mwaka ule wa 1885 unanisumbua kidogo. Februari mwaka huo ndipo mkutano wa Berlin ulipofungwa, ule wa mabwana waliokaa mezani kukubaliana kanuni za kugawana Afrika. Wakati Thomas anaandika makala yake, Liboi haikuwa mpakani mwa kitu chochote. Mpaka wa Waingereza ulikuja kuwekwa mbali sana mashariki, kwenye mto Juba. Ni mkataba wa 1924, Uingereza ikiipa Italia eneo la Jubaland kama shukrani ya vita vya kwanza, ulioleta mstari hadi hapa tulipo, na makabidhiano yakafanyika 1925. Kwa hiyo farumfer aliandikwa kwenye vitabu miaka arobaini kabla ya sisi kuwa watu wa mpakani. Mashimo yao yanaweza kufika kilomita tatu au zaidi kwa jumla ukiyanyoosha. Hakuna aliyewahi kuuliza ni upande gani.

Sasa, alifikaje kwenye rapu? Kwa karibu miaka mia moja na thelathini alikuwa kichekesho cha makabati ya makumbusho. Kilichombadilishia maisha ni wadudu. Richard Alexander, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa akijiuliza kwa nini mchwa na nyuki wana malkia mmoja na wafanyakazi wasiozaa, ilhali hakuna mnyama wa kunyonyesha anayeishi hivyo. Katika mihadhara yake miaka ya 1970 alianza kumbuni mnyama huyo kichwani. Angekuwa mgugunaji, alisema. Angeishi chini ya ardhi ngumu, sehemu kavu, akila viazi-mwitu vikubwa, na adui wake angekuwa nyoka. Mwaka 1976, alipoyasema hayo Arizona, msikilizaji mmoja aliyewahi kufanya kazi Kenya, Terry Vaughan, akamwambia kwamba mnyama huyo yupo. Yupo Kenya.

Aliyekuwa akiwafuga wakati huo ni Jennifer Jarvis wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye alianza kuwachunguza Kenya miaka ya 1960. Alikuwa ameshagundua kwamba kwenye kundi zima ni jike mmoja tu anayezaa. Mwaka 1981 alichapisha makala kwenye jarida la Science, na dunia ikajua kuna mnyama wa kunyonyesha anayeishi kama mchwa: malkia mmoja, madume mmoja hadi watatu wa kuzaa naye, na wengine wote, sabini, themanini, hata karibu mia tatu, wanachimba na kulea watoto wasio wao.

Hapo ndipo simu zikaanza kuita. Miaka iliyofuata ikaonekana kwamba saratani humpata kwa nadra sana, kwamba mnyama wa gramu thelathini na kitu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30 wakati panya wa saizi yake akijitahidi anafika mitatu, na, hii ni ya 2017, kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa halafu akaamka akaendelea na siku yake. Mwaka 2013 Science walimtangaza mnyama wa mwaka katika wenye uti wa mgongo. Na sayansi ilipompenda, burudani haikuwa mbali. Errol Morris alimweka kwenye filamu yake ya 1997, Fast, Cheap & Out of Control, pamoja na mfugaji simba wa sarakasi na mtengeneza roboti. Rufus akaja 2002. Mwaka 2009 Mo Willems, mwandishi wa watoto, akatoa kitabu kuhusu fuko anayeitwa Wilbur ambaye kosa lake ni kupenda kuvaa nguo. Ukiviangalia pamoja, burudani ya Marekani ina mzaha mmoja tu kuhusu huyu mnyama, nao ni kwamba yuko uchi. Willems ndiye aliyeufanyia mzaha huo kitu cha maana, kwa kuugeuza.

Wamarekani wana mnyama wao wa shimoni, yule groundhog, kindi mnene wa ardhini. Wanamchezea maneno na kumtungia vitanza ndimi. Tangu 1887 mji mdogo wa Punxsutawney, Pennsylvania, humtoa shimoni tarehe 2 Februari aseme kama baridi itaendelea, na filamu ya 1993 yenye jina la siku hiyo ikaufanya mji huo ujulikane hata na watu wasioweza kuutamka. Angalia tofauti. Mnyama wao akiimbwa, watu wanajaza hoteli za kwao. Wetu akiimbwa, hata jina la nchi halifiki.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha hadi leo. Mwaka 1994 Disney hao hao walitoa The Lion King, wakachukua Kiswahili kwa fujo: Simba, Rafiki, Pumbaa, na ule wimbo wa hakuna matata, maneno ambayo waliomba kuyasajili kama alama yao ya biashara mwaka huo huo. Mmoja wa waimbaji wake ni Timon, na Timon ni meerkat, mnyama wa Kalahari, kusini kabisa mwa Afrika, ambaye hajawahi kuishi Kenya. Kwa hiyo mnyama asiye wa kwetu alipewa Kiswahili aimbe, na mnyama ambaye ni wa kwetu akapewa rapu ya Kiingereza. Mtu hawezi kutunga hii.

Nitasema ukweli pia upande wetu. Wasomali wana nyimbo za wanyama mpaka basi. Kuna nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, za kumswaga, za kumsifu. Axmed Cali Abokor aliandika kitabu kizima juu ya ngamia kwenye fasihi simulizi ya Kisomali, 1987. Shairi letu lina sheria ngumu: ukichagua sauti moja, kila mstari lazima ubebe neno linaloanza na sauti hiyo hadi mwisho, hata kama shairi ni la mistari mia. Ukichagua F, farumfer angekufaa sana. Lakini mshairi wa kuhamahama anamwimba anayempa maziwa na kumbebea nyumba. Farumfer hana maziwa, hana nyama ya kumaliza njaa, na anatoboa njia. Sioni kosa hapo.

Ninachokiona ni kingine, na kilinijia 2021. Januari mwaka huo watafiti wakiongozwa na Alison Barker na Gary Lewin, wa kituo cha Max Delbrück, Berlin, walichapisha utafiti kuhusu sauti za fuko hawa. Wakikutana gizani hupigiana mlio mdogo laini, kama wa ndege, salamu ya hujambo-sijambo. Watafiti walirekodi milio zaidi ya 36,000 kutoka kwa wanyama 166 wa makundi saba na kuipitisha kwenye kompyuta. Kompyuta ikaweza kusema huyu ni nani, na ni wa kundi gani. Kila kundi lina lafudhi yake. Fuko akisikia mlio wa lafudhi ya nyumbani anajibu zaidi. Na mgeni akiingia shimo lisilo lake kawaida hushambuliwa, mara nyingi hadi kufa.

Nikasoma hiyo nikiwa kwenye matatu, nikarudia mara mbili.

Kwa sababu hii najua. Kisomali hakina P. Mtu wa kwetu aliyejifunza Kiswahili ukubwani atasema "bolisi" na "bilibili", na wachekeshaji wa Nairobi wamekula mkate wa P hiyo miaka mingi: unapanda jukwaani, unafunga kilemba, unageuza kila P kuwa B, unamaliza na "waria", ukumbi unalipuka. Waria yenyewe ni utani wa maneno usiojijua. Kwa Kisomali waryaa ni mwito, kama "we bwana", na unamwita mwanamume tu. Mwanamke huitwa naa. Mjini neno hilo limegeuzwa jina la watu wote, kwa hiyo unasikia mtu akimwita mama yangu "waria" kwa upole kabisa, kumbe amemwita "we bwana". Mama hujibu tu. Amechoka kufundisha sarufi sokoni.

Jukwaani ni kicheko. Barabarani ni kitu kingine. Kutoka Liboi hadi Garissa kuna vizuizi, na kwenye kimoja, usiku, nikiwa na miaka kumi na saba, mwenye tochi alitazama kadi yangu ya shule, akatazama uso, akaona karatasi haitoshi. "Ongea Kiswahili nisikie." Nikaongea. Nilikuwa nimesoma bweni Thika, Kiswahili changu ni cha Thika, P zangu zote ziko mahali pake. Akacheka, akasema, "Huyu ni wetu." Binamu yangu alikuwa amekaa kando yangu. Tumezaliwa wiki moja, kijiji kimoja, yeye amesomea hapo hapo Liboi. Akasema jina lake na anakotoka, akatamka vizuri sana isipokuwa herufi moja, akashushwa. Tulimsubiri saa tatu.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko tochi ile. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote Wasomali watu wazima wapigwe msasa wathibitishe kwamba ni Wakenya. Waliopita walipewa kadi ya pili juu ya kitambulisho, na kadi hiyo ilikuwa ya rangi ya waridi. Halafu Somalia ikaanguka 1991, wakimbizi wakaingia kupitia Liboi hapo, kambi zikafunguliwa Dadaab, na kuanzia hapo mtu wa kwetu akiomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa aulizwe babu yake alichimba kisima gani. Wengine walingoja miaka. Binamu alikuwa na miaka 23 alipopata chake. Msasa huo wa ziada ulitangazwa kufutwa Februari 2025, Rais akiwa Wajir. Tunaangalia.

Nilimwonyesha binamu ile rapu kwenye simu, nikamweleza kwamba Rufus ni wa huku. Akatazama hadi mwisho bila kucheka. "Anaongea Kiingereza?" Kidogo, nikamwambia, sana sana analia tu. "Na ako Marekani tangu 2002?" Ndio. "Na sisi tuko hapa."

Kuna sehemu mbili za utafiti wa Berlin ambazo magazeti yaliziruka haraka. Ya kwanza ni ya malkia. Lafudhi ya kundi inashikiliwa na uwepo wake. Kwenye kundi moja malkia alipotea mara mbili, na kila alipokosekana milio ya wafanyakazi ilianza kutawanyika, kila mmoja na wake, hadi malkia mpya alipokaa na lafudhi ikarudi kushikana. Kwa hiyo lafudhi haiko kwenye damu, wala haiko kwenye udongo. Iko mahali penye mamlaka, na mamlaka ikiyumba nayo inayumba.

Ya pili ni ya watoto. Watafiti walichukua watoto watatu waliobaki yatima, wakawaingiza kwenye makundi mengine wangali wachanga kabisa. Wakalelewa huko. Walipokua na kurekodiwa, kila mmoja alikuwa analia kwa lafudhi ya nyumba iliyomlea, na nyumba ilimjibu kama wake. Wakati huo huo, Stan Braude na wenzake, waliofuatilia fuko wa porini katika Mbuga ya Meru kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba hata bila binadamu hutokea kundi likavamia jirani na kubeba watoto wake. Wale watoto hukulia kwa waliowabeba.

Mimi nilipelekwa Thika nikiwa na miaka tisa. Ada ililipwa na mjomba wa Eastleigh, na nia ilikuwa njema. Mwezi wa nne nikirudi likizo, ayeeyo aliniuliza kitu, nikamjibu kwa Kisomali, na akageuka kumwangalia mama. Hakusema neno. Aliniongezea maziwa, akaanza kunizungumzia polepole, kila neno peke yake, vile unavyomzungumzia mgeni.